Mapigo Matatu kwa Moto wa Laini

Nikisikia harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji, hata yakiwa ya jikoni kwangu, hasira hunipanda. Ni hasira ya miaka ya hamsini, na sina haja ya kuituliza.

Tulikaa kwenye shamba la mkonge kati ya Ruiru na Thika. Baba alitoka Bunyore kuja kufanya kazi kiwandani, nasi tukamfuata. Shamba lilikuwa na magari matatu ya zimamoto, kila moja na herufi yake nyeupe ubavuni. A lilikuwa lori jekundu lenye pampu ya injini na mipira mirefu. Hilo lilikuwa la kiwanda na nyumba za Wazungu. B lilikuwa tangi la maji lililovutwa na trekta, la kulinda mkonge. C, letu sisi wa laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi, lilikuwa mkokoteni wenye pipa na pampu ya mkono. Lilivuja vibaya sana, likifika motoni lilikuwa limeshanywesha barabara nzima.

Kengele ya getini, kipande cha reli kilichoning'inizwa, ilifuata herufi hizo: pigo moja kuita C, mawili B, matatu A. Sisi watoto tuliyacheza magari hayo kila siku. Mimi nilikuwa A kwa sababu nilikuwa na sauti kubwa, na aliyenikatalia nilimsukuma.

Jumapili moja mchana, cheche za jiko la jirani zilishika paa la nyasi mwisho wa safu yetu. Upepo ulivuma kuelekea chumbani kwetu, alimolala senje, dada yake Baba, aliyekuwa ametoka tu kujifungua. Majirani walipokuwa wakimtoa na mtoto wake, Mama alinishika mkono tukakimbia getini. Mzee Mutua, mlinzi, alikuwa ameshapiga moja, chuma cha kugongea bado kimo mkononi.

"Piga tatu," Mama akamwambia.

"Mama Ruthi, moto ya laini ni moja tu. Unataka nifutwe kazi?"

"Basi lete hiyo chuma."

Akamnyang'anya, akapiga matatu, kwa nguvu iliyonitetemesha meno. Watu wa lori jekundu wakatoka mbio, wakaona moshi ulipo, wakaenda moja kwa moja bila kuuliza mambo ya herufi. Vyumba viwili viliungua. Vilivyobaki vilipona, na chetu kikiwemo.

Jioni meneja akatukusanya uwanjani.

"Nani napiga tatu?"

"Ni mimi," Mama akasema.

"Sema mbele ya watu yote, wewe nakosa. Kama hapana sema, kesho toka shamba yangu, wewe na bwana yako."

Baba akamnong'oneza aseme tu neno hilo, tukae. Nami nilimvuta leso, nikitaka aseme, maana niliipenda shule yangu na sikutaka kuhama. Mama hakutugeukia.

"Sikukosa hesabu, bwana," akasema. "Hata kwa laini wanakaa watu."

Kesho yake tulitembea hadi Thika, Baba na godoro kichwani, senje na kichanga chake mgongoni. Nilimnunia Mama njia nzima, na kwa muda mrefu baadaye. Niliona ametuponza kwa ukaidi wa bure.

Nilikuwa mtu mzima nilipofahamiana na mzimamoto mmoja wa mjini. Alinieleza kwamba magari yao hupewa majina kwa kazi yanayofanya: hili la pampu, lile la maji, lile la ngazi. Nikamwambia kwamba yetu yaliitwa kwa kuangalia nani anaungua. Alidhani namtania.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa ni neno gani tulilokuwa tukimwomba Mama aliseme. Lilikuwa neno la kukubali, mbele ya mtoto wake, kwamba sisi tungeungua tu na ingekuwa sawa. Mama alikufa bila kulisema. Nami silisemi.