Kitako Kimepanda

Wewe unanichosha. Kila bia ikipanda bei unajaza simu yangu malalamiko. Umepiga picha ya chupa, umepiga picha ya risiti, umeandika "tumekwisha". Halafu jioni unakwenda kilabuni Rwamishenye, unapewa kikombe kidogo kuliko cha jana kwa bei ya jana, unalipa unacheka. Huko hujapiga picha. Kaa chini nikuambie habari za Evodia.

Evodia ni mama wa Kagondo, watu wanamwita Mama Nancy. Anauza lubisi, ile pombe ya ndizi. Shemeji yake anaikanyaga huko Kamachumu, inakuja kwenye madumu kwa basi la asubuhi. Miaka yote alikuwa anauzia kwenye banda la Philbert, hicho hicho kilabu chenu, benchi la mlangoni, alilokalia mama yake kabla yake. Hakuwa na duka, hakuwa na pa kuuzia pengine. Benchi lile ndilo lilikuwa kazi yake.

Wenzake wote pale wanapimia vikombe vya plastiki. Yeye anapimia endeku, kibuyu kidogo chenye shingo, cha mama yake, kimekuwa cheusi kwa kushikwa, ujazo wake sawa na kikombe kimoja. Na kabla hujanunua anakumiminia kionjo. Anapiga funda yeye kwanza, ujue haina sumu, halafu anakupa. Isipokupendeza unaondoka na hakununii. Ndivyo lubisi ilivyokuwa inauzwa, hakubuni yeye.

Sasa bia ya chupa ikapanda tena mwaka huu. Wanywaji wa baa wakashuka kilabuni na mashati yao ya ofisini. Philbert akaona neema. Lakini na mbile zimepanda, zile ndizi za pombe, na mtama umepanda, na nauli ya madumu. Wauzaji wakamwambia bei ya mia tano haiwalipi tena. Philbert hakutaka bei iguswe, wageni wasije wakakimbia. Akaleta vikombe vipya. Ukivitazama juu ni vilevile. Chini, mtu amebonyeza kwa kijiko cha moto, kitako kimeingia ndani kama tumbo la mtu mwenye njaa. Na kionjo akakipiga marufuku, eti ni hasara.

Evodia akamuuliza kwa nini wasiseme tu kwamba imepanda.

"Mama Nancy," Philbert akamwambia, "mnywaji anaona bei. Kitako haoni."

"Mimi nimepandisha," Evodia akasema. "Mia saba. Endeku inajaa mpaka shingoni, na kionjo kipo."

Alisema kwa sauti, banda zima likasikia. Na unajua mlifanya nini? Mlimkimbia. Mlihamia kwa Alistidia, benchi la pili, kwenye mia tano yenu ya zamani. Mkamwita mwizi, yeye. Masele, yule anayeleta dagaa kutoka visiwa vya Muleba, akamuuliza kama endeku yake ina feni ndani kama baa za mjini. Watu wakacheka mpaka wakamwaga. Evodia akamwambia haina feni, ina lubisi, aonje. Masele akaonja, akasifia, akaenda kununua kwa Alistidia.

Madumu yakaanza kurudi Kagondo yamejaa, na lubisi hailazwi, inachachuka. Philbert akampa mpaka Jumamosi jioni: achukue vikombe kama wenzake, au benchi anapewa mwingine.

Jumamosi mchana nilikuwepo. Dumu la Evodia lilikuwa halijauzwa hata nusu. Masele alikuwa amekaa na kikombe chake cha Alistidia, anatukuza bei nafuu. Akamaliza, akataka utani uendelee. Akamwambia Evodia alete endeku wamimine kikombe cha Alistidia humo, dunia ione kwamba mia mbili ya juu ni ya maringo.

"Endeku ya nyumba yetu haiingii pombe ya nyumba nyingine," Evodia akasema. "Mama alinikataza. Lete hicho kikombe."

Akajaza endeku mpaka shingoni. Akapiga funda. Akamimina kwenye kikombe cha Masele, taratibu, mpaka kikafurika ukingoni. Halafu akaitikisa endeku sikioni mwa Masele. Ikalia. Akampa mzee aliyekaa pembeni amalizie, na mzee yule alikunywa, akapumzika, akanywa tena.

Masele akageuza kikombe tupu cha jirani yake. Akaingiza kidole gumba kwenye kile kishimo cha chini.

"Mama Nancy," akasema, "kumbe mimi nakunywa kitako."

Watu walicheka, lakini siyo kile kicheko cha mwanzo. Alistidia akajitetea kwamba vikombe si vyake, ni vya mwenye banda, na Evodia akamwambia anajua, dada, hajamtaja yeye. Philbert akatoka ndani akauliza nani kampa mtu ruhusa ya kupima pombe za watu. Akamwambia Evodia abebe vyake, asisubiri jioni.

"Benchi ni lako, baba," Evodia akamwambia. "Bei yangu nitaondoka nayo."

Akajitwika dumu, endeku mkononi, akatoka. Masele alimbebea dumu la pili, lililokuwa halijafunguliwa, mpaka barabarani.

Ungependa nikuambie banda lilifungwa. Halikufungwa. Jumapili, waliocheka Jumamosi walikuwa palepale, kwenye vikombe vilevile, kwa sababu Kagondo ni mbali, na matako yao ni mazito. Evodia anauzia nje ya kibanja chake sasa, shamba la migomba la nyumbani, ukingoni mwa njia, mia saba, endeku imejaa. Kuna siku dumu linaisha, kuna siku haliishi. Nilimuuliza kama atashusha. Akaniambia kwanza nionje.

Sikuombi uandamane wala uache pombe, hutaweza. Leo jioni, kabla hujatoa hela, geuza kikombe. Weka kidole chini. Kikizama, kirudishe mezani, useme kwa sauti mbele za watu umeona nini. Halafu omba kionjo.