Karatasi Zilizopigwa Pasi

Mama Pasi hakupewa jina hilo bure. Maisha yake yote ya kazi yalipita katika chumba cha kufulia cha hoteli, akiwa mkuu wa mashuka, na alipostaafu yeye, mkono wake haukukubali kustaafu. Foronya alipiga pasi, vitambaa vya vyombo alipiga pasi, na majirani walisema paka wake akilala vibaya ataamka amenyooka.

Mtu huyo ndiye aliyeolewa na bwana ambaye hakunyooka popote. Mumewe alikuwa msomi wa historia ya sanaa. Vinyago, milango ya nakshi, mitungi ya kale: kazi yake ilikuwa kuvitazama vitu vya watu waliokwisha kufa na kuuliza nani alivitengeneza, na kwa nini. Majibu aliyaandika kwenye karatasi yoyote iliyokuwa karibu, kisha akaiacha hapo hapo usingizi ulipomkuta.

"Hii nyumba au kiota cha panya?" mkewe alikuwa akimuuliza.

"Usiguse, mke wangu. Kila kitu kipo mahali pake."

"Mahali pake juu ya mkate?"

Mume alipofariki, maktaba kuu ikaziomba karatasi zake za kazi ili wasomi wajao wazisome. Mama Pasi alilia, akafuta machozi, akachomeka pasi. Karatasi za marehemu haziendi mbele za watu na mikunjo, watu waseme alioa mke gani! Akatoa pini, akakata mipira iliyozifunga, akazinyoosha moja moja chini ya kitambaa. Kisha akazipanga alivyozoea kupanga mashuka: kubwa na kubwa, ndogo na ndogo, picha peke yake, za mistari peke yake. Alipomaliza aliyatazama masanduku yale kama mtu aliyempamba bibi harusi.

Mtunza nyaraka wa maktaba, bwana mwenye miwani iliyokaa zaidi kwenye paji la uso kuliko machoni, alifungua sanduku la kwanza, akapekua. Akafungua la pili, akavuta kiti.

"Mama," akasema kwa sauti ya kupeleka habari za msiba, "nani amezigusa hizi?"

"Mimi na pasi yangu. Huoni hata mkunjo, eh? Wala usinishukuru."

"Picha hii ni ya kinyago gani?"

"Nitajuaje, mwanangu? Mimi niliolewa na vinyago?"

"Marehemu alikieleza kwenye karatasi iliyobanwa nayo. Iko wapi?"

Mama Pasi akaangalia masanduku. "Kwenye ndogo," akasema. Ndogo zilikuwa kama mchanga.

Bwana yule akamweleza polepole. Kwao karatasi huachwa vile vile mwenyewe alivyoziacha, maana karatasi moja humsemea jirani yake. Ukizitenganisha, zote zinakuwa mabubu. Ijumaa kamati ingekaa, na kamati haipokei mabubu. Zingerudishwa nyumbani.

"Zikirudi si vibaya," binti wa Mama Pasi alisema nyumbani jioni ile, akichochea jiko. "Tumepata za kuwashia moto."

Mama Pasi akasonya mpaka paka akatoka nje. "Koma! Kuziita takataka ni haki yangu mimi niliyezifutia vumbi. Wewe hujafuta hata moja."

Na aliposema hivyo, mwenyewe akashtuka. Nani mwingine alijua kila karatasi ilikuwa imekaa wapi, kama si aliyefagia kuizunguka?

Asubuhi akamkuta mtunza nyaraka anafungua mlango wa maktaba. "Shika kalamu," akamwambia, akaketi, akainua picha. "Huyu mwenye pua ndefu alikaa juu ya kabati la vyombo, na karatasi ya njano yenye doa la mchuzi. Doa hilo nimelisugua, likanishinda."

Bwana akaitafuta ya njano, akashusha miwani, akasoma: pua ile ndefu ilikuwa imeelezwa kuanzia mzizi hadi ncha.

Wakaendelea hivyo, ugomvi baada ya ugomvi. Mitungi ilikaa kwenye cherehani, ndiyo maana gauni la binti lilichelewa. Michoro ya ukutani ilikaa kwenye kiti cha wageni, na shemeji mtu akalazimika kusimama mpaka akanuna. Kila fungu likapewa jalada, na kila jalada likaandikwa mahali pake: Juu ya Kabati la Vyombo. Chini ya Kitanda, Upande wa Ukutani.

Likabaki fungu moja la michoro ya milango, kwa penseli. Mtunza nyaraka akasema huo ndio moyo wa kazi yote.

"Fungu hili lilikaa wapi, mama?"

Mama Pasi akachunguza dari. "Andika: mahali salama."

"Hapo si mahali, mama. Hayo ni maoni."

"Basi andika: kabatini."

"Kabati lipi?"

"We mtoto, hukulelewa? Droo ya nguo zangu za ndani! Alisema hata mwizi mwenye adabu hafungui huko. Haya, umefurahi?"

Bwana akaandika bila kuinua kichwa, masikio yamewaka.

Ijumaa, mwenyekiti wa kamati, mzee wa tai, alisoma majalada kwa sauti, moja baada ya jingine. Alipofika la milango akakohoa, akaliruka, akashika linalofuata.

"Umeruka," Mama Pasi akasema kutoka kiti cha nyuma.

"Mama, nilidhani labda kwa heshima yako..."

"Heshima yangu ninayo hapa, sikuileta ndani ya sanduku. Mume wangu aliweka alipoweka. Soma."

Mwenyekiti akalegeza tai, akasoma neno kwa neno. Hakuna aliyecheka, ingawa wawili walihitaji leso. Kisha akauliza nani anakubali karatasi zipokelewe, na mikono yote ikapanda.

"Na uongeze hapo," Mama Pasi akamwambia mtunza nyaraka, akichukua mkoba wake, "kwamba zilikuwa safi."