Magoti ya Bamama wa Katuba

Mujukuu yangu alisomea kine kule Kasapa, ku univerisite. Kine ni kazi ya kurudishia muntu mwili yake: mugongo yenye ilikamata, mukono yenye ilivunjika, goti yenye inakataa kupanda ngazi. Wakati alianza, jirani mumoja alinicheka: "Miaka yote ile, juu ya kujifunza kukandakanda bantu?" Nikamujibu, "Siku mugongo yako itakamata, usikuye kugonga kwangu." Ilikamata. Akakuya. Alipitia mulango ya nyuma.

Ule mutoto, mimi nkambo yake ninamuita muke mwenzangu, juu marehemu bwana yangu, muntu wa reli, alikuwa anamuita muke yake tangu angali anabebwa mu mugongo. Masomo mimi niliacha mapema, lakini kuandika ninajua, na mambo ya magoti yetu sitaki muntu mwingine aiandike vibaya.

Profeseri yake ni mama mumoja mwembamba, sauti yake ya chini sana, unainamisha kichwa juu ya kumusikia. Alikuwa anachunguza magoti ya bamama wa mji muzima: kama mazoezi ya nyumbani, bila mashini, inaweza kupunguza maumivu. Banafunzi wake bakagawana mitaa. Mumoja alipewa Kenya, mtaa wa hapa hapa, siyo ile inchi, muke mwenzangu akapewa Katuba, kwetu. Na ile ndiyo ingekuwa memwari yake, kazi ya kumaliza masomo. Katuba ikiharibika, hamalizi mwaka ule.

Magoti ya kuuma haikosekane Katuba. Nikamuletea bamama wa kikundi yetu ya parokia, bale banauza unga na mboga, balibeba mizigo ku kichwa maisha yote. Akatufundisha mu sale ya parokia, kwenye tunafanyiaka mikutano: kaa ku kiti, simama bila kushika na mikono, kaa tena. Funga pakiti ya chumvi ku kifundo ya muguu, nyoosha muguu, hesabu pole pole, teremusha. Mama mumoja alipika na ile chumvi yake siku ya pili. Tukamupa ingine.

Juu ya kupima maumivu, kulikuwa karatasi yenye sura. Ku mwanzo sura inacheka meno yote inje, halafu ingine inatabasamu, ingine imenyamaza, ingine imekunjika, mpaka ya mwisho, inalia machozi. Unagusa sura yenye iko sawa goti yako. Ni vyepesi, hata muntu hajui kusoma anaweza.

Siku ya kupima, profeseri akakuya mwenyewe. Na bamama bakasikia. Weee! Bakakuya na vitenge vya Noeli, vilemba mupya, mumoja alipaka mpaka rangi ya mudomo. Vitenge vilikuwa vya kubana, kukaa tu ilikuwa kazi. Mutoto akapitisha karatasi. Wa kwanza akagusa sura ya kucheka. Wa pili, ya kucheka. Wote! Mimi niligusa ile ya pili, yenye inatabasamu, na nikajiona muntu wa ukweli sana.

Halafu mukubwa wa kikundi yetu aligusa kucheka kwa kidole yote, akataka kusimama. Kiti ikamukatalia. Tukamuvuta babili, huku na huku, mpaka akatoka.

Profeseri akaangalia, akasema na ile sauti yake ndogo, "Hapa Katuba munafanya miujiza." Akamupeleka mutoto ku baraza. Nilibakia karibu na mulango, nikasikia: "Hizi sura ni za uongo. Ninarudia juma yenye inakuya. Nikizikuta tena, Katuba ninaitosha mu kazi, ninaifuta."

Ile mangaribi nilipika bukari, ugali yetu, na sombe ya majani ya muhogo, mutoto akaiachia sahani yake mu meza bila kula. Nikakasirika. Siyo juu yake. Asubuhi nikaenda kwa mukubwa wa kikundi.

"Juu ya nini munamudanganyia mutoto?"

"Kumudanganya? Sisi tunamupatia points za masomo! Niguse sura ya kulia mbele ya mwalimu wake? Atasema mutoto wetu hajue kazi."

"Na goti yako?"

"Aa, goti! Vile inaniumaka usiku nitakuambia weye. Nimuambie profeseri?"

Nikaelewa. Kwetu muntu anakuuliza habari, unasema muzuri, hata kama nyumba inawaka moto. Ndiyo heshima. Na bale bamama balikuwa banamupenda mutoto mpaka banamuharibia.

Juma ile ingine, profeseri angali hajafika, muke mwenzangu akasimama mbele yetu. Aliogopa, nilimuona anashikashika ile karatasi. "Bamama zangu, points yangu iko mu ukweli. Kama inauma, munisaidie kwa kusema inauma. Mukinificha, sina kazi, nitarudia mwaka."

Basi mimi nikasimama. "Goti yangu ya kushoto inalia sawa mulango ya gereji! Asubuhi ninashuka ku kitanda kama muntu wa kuiba!"

"Yako inalia tu?" mukubwa akasema. "Yangu inajaa maji!"

"Nyamazeni, yangu ilianza mbele ya zenu!"

Na sasa nani atabafunga midomo? Profeseri aliingia akakuta kila mama anavuta kitenge juu, anaonyesha goti yake. Mumoja alikamata karatasi, akaigeuza, akairudisha: "Yangu haiko hapa. Ongeza ingine nyuma ya ile ya kulia." Profeseri alicheka mpaka akatosha miwani ku macho. Kulikuwa hata mwenye aliletea bega yake. Bakamuambia, "Mama, leo ni magoti!"

Tukafanya mazoezi mpaka baridi ikafika, na baridi ya kwetu inajua magoti. Wengine ilibapungukia, wengine kidogo, mama mumoja hapana kabisa, na muke mwenzangu akamuandika vile vile, hapana kabisa. Mimi, kutoka ile ya kulia yenye niligusa siku ile, nilifika ku sura ya katikati, ile imenyamaza.

Siku ya kutetea kazi yake, sale ilikuwa juu. Nilipanda zile ngazi mimi mwenyewe, ninasimama, ninapanda. Mutoto akaongea mbele ya baprofeseri, sauti haikutetemeka. Halafu mumoja, baba munene, akauliza: "Ninasikia ndani ya bale bamama kuna nkambo yako. Nkambo si atasema tu amepona, juu ya kukufurahisha?"

Mutoto akageuka, akaniangalia. Kulikuwa mulango mukubwa ya kusema nimepona, bantu wote banangojea. Nikasimama, bila kushika kiti.

"Leteni ile karatasi."

Bakaleta. Nikagusa ile imenyamaza. "Ilikuwa ya kulia. Leo iko hapa. Na juu ya ngazi zenu, kidogo inasogea huku, ku ile imekunjika."

Baba munene akacheka, akaandika. "Nkambo, asante. Sina swali ingine."

Wakati balisoma points, muzuri sana, bamama balikuwa inje banangojea. Nikatosha kopo ya podere mu kifua nikamumwangia muke mwenzangu, vile kwetu tunafanyaka mutoto akishinda, mpaka akakuwa mweupe nywele na viatu. Tukapiga vigelegele, tukacheza pale mu kiwanja, mukubwa wa kikundi anashuka mpaka chini na kitenge yake ya kubana, anapanda tena, peke yake.

Asubuhi yake mutoto akanikuta ku kitanda, podere ingali mu masikio yake.

"Nkambo, goti leo iko sura gani?"

Nikamuonyesha ile ya kulia. Nilicheza sana.