Mhesabu Magamba

Pale maabara kulikuwa na dada ambaye mwenzake wa meza ya pili alimjua kwanza kwa sauti: kiti kikiburutwa, hadubini ikipuliziwa pumzi, kisha kitambaa kikifuta. Kwa miaka kumi na tisa dada huyo alihesabu magamba ya vijimea vinavyoota kwenye barafu, vilivyozikwa kwenye tope la chini ya bahari ya kaskazini, bahari ambayo hakuwahi hata kuiona. Magamba yakiwa tele, barafu ilitanda zama hizo. Yakiwa haba, ilikuwa imerudi nyuma. Alihesabu kwa kunong'ona, na ukimsalimia hajibu mpaka amalize mstari. "Niwie radhi, mdogo wangu, nilikuwa mbali, miaka elfu sita huko," husema.

Asubuhi moja mwenzake alirudia kuhesabu magamba ya kipande kimoja cha kioo alichokwisha kuhesabu dada, kuhakikisha tu. Akapata sitini na tatu. Katika daftari la dada iliandikwa arobaini na moja. Akarudia mara tatu, ndipo akathubutu. "Dada, labda nimekosea mimi."

Dada akaangalia kwa jicho la kulia, akaliziba, akaangalia kwa la kushoto.

"Hukukosea. Huku pembeni mwa jicho langu kuna giza. Na mimi nikaandika barafu imepungua."

"Tangu lini?"

"Sijui. Hapo ndipo penye msiba."

Akachukua kalamu nyekundu, akaanza na ukurasa wa jana, akaukata kwa mstari kona hadi kona, akafunua wa juzi. Kufikia adhuhuri alikuwa amerudi mpaka mwanzoni mwa mwaka, na bado anafunua.