Baba Alipocheza kwa Masikio

Watu wakinisikia nikisema kwamba baba yangu aliokolewa na mashine ya michezo, hudhani nimeanza kuzeeka vibaya. Wajukuu ndio hawana adabu kabisa, wananiuliza kama mashine hiyo ilikuwa na dawa. Wacheke tu. Mimi nilikuwepo, na mpaka leo nikiikumbuka naishukuru kama mtu.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, vita vilipokuwa vimekwisha na sabuni ikawa kitu cha kupewa kwa kujuana. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Iringa mjini, nimepanga chumba Mlandege. Wazazi wangu walikuwa Uyole. Baba alikuwa dereva wa lori, na lori lenyewe lilikuwa la mfanyabiashara mmoja wa Mlandege, mtu ambaye babu zake walitoka pwani na ambaye madereva wote walimwita tajiri, ingawa suruali zake zilikuwa na viraka. Baba alimletea viazi kutoka Uyole na mchele kutoka Usangu, na mara nyingine alimpelekea bidhaa Chunya. Kila alipofika Iringa nilikwenda kumsalimia hotelini kwa tajiri, maana tajiri alikuwa pia na hoteli ya chai, chapati na mchuzi wa maharage.

Baba hakuwahi kusafiri bila utingo wake. Usifikirie kijana wa kupanda juu ya mizigo. Huyu alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za mvi, Mwislamu wa kusali sala tano, na walikuwa wameshazunguka pamoja miaka isiyopungua kumi na mitano. Baba alimwita Shehe kwa utani, mimi nikamwita baba mdogo. Kazi ya utingo ni kumwita dereva: anapopita darajani, anaporudi nyuma, kwenye kona mbaya, utingo anatoa kichwa dirishani na kupiga kelele, kushoto, kulia, poa, shika hapo. Mwaka ule baba mdogo alikuwa amekauka sauti. Akikusalimia unasikia mkwaruzo tu. Alisema ni vumbi la barabara ya Chunya, nami nikawa namchemshia tangawizi.

Sasa mashine. Shemeji wa tajiri alikuwa akifanya kazi Ndola, Zambia, na huko aliinunua kuukuu kwenye klabu iliyofungwa, akaipandisha juu ya lori lililobeba shaba hadi kwetu. Lilikuwa sanduku la mbao refu kunizidi, lenye kioo cha televisheni kifuani, na televisheni yenyewe wengi wetu tulikuwa hatujawahi kuiona. Ndani ya kioo cheusi kulikuwa na vidudu vyeupe vimejipanga safu, vinatembea upande huu, vinageuka, vinashuka hatua moja. Chini unakuwepo wewe na mzinga wako, na vibanda vya kujificha. Unasogeza kushoto na kulia, unafyatua. Vikikufikia, umekwisha. Ilikubali sarafu za Zambia peke yake, kwa hiyo tajiri aliziweka kwenye kopo, na kila aliyekula mlo kamili alipewa moja akacheze.

Lakini kilichotuteka hasa ni muziki wake. Haukuwa wa gitaa wala wa ngoma. Ni umeme wenyewe uliokuwa ukiimba. Sauti nne nzito, dum, dum, dum, dum, polepole kama mtu anayetwanga mahindi hana haraka. Unavyovipunguza vidudu ndivyo muziki unavyozidi kasi, mpaka moyo wako nao unakimbia, na vikiisha vyote mashine inanyamaza kidogo. Mara moja moja kinapita juu kabisa chombo kingine kikipiga mluzi mwembamba. Mpishi wa hoteli alitwanga vitunguu saumu kwa kufuata mashine, na vidudu vikikaribia kwisha, mchi nao ulishika moto. Kasoro yake ilikuwa moja: waya wa spika ulilegea. Sauti ikikatika, tajiri alikuja akaipiga kofi ubavuni, ikarudi.

Baba alikuwa bingwa wa mashine ile, na mimi, sitaficha, nilijivuna. Dereva mzima wa Kinyakyusa, koti limefungwa vifungo vyote, anasimama mbele ya kioo na utingo wake nyuma ya bega, na baba mdogo anamwita kama wako barabarani. "Kushoto! Kushoto kidogo! Poa hapo, piga! Rudi kulia, kinakuja!" Watu walijaa mpaka mlangoni. Waliona ni vichekesho vya wazee wawili. Nami nilicheka mpaka machozi, na sasa nikikumbuka kicheko kile najionea aibu.

Maana ishara zilikuwepo zote. Barua alizotumiwa na ndugu alinipa nisome, akasema mwandiko wa siku hizi ni mbaya. Nikiingia hotelini hakuniita mpaka nimwamkie kwanza. Chai aliimimina akiwa ametumbukiza ncha ya kidole ndani ya kikombe. Mwalimu mzima, nasahihisha madaftari ya watoto arobaini, nakamata nukta iliyosahauliwa, na baba yangu sikumsoma.

Ikaja Jumapili moja. Wakati ule, kwa ajili ya shida ya mafuta, Jumapili ikifika saa nane mchana magari yalizuiwa kutembea hadi kesho yake asubuhi. Baba alikwama Iringa, lori limeshapakiwa mahindi. Safari hii hakuwa anarudi Uyole. Tajiri alitaka mzigo ufike Morogoro, maana yake Jumatatu alfajiri baba ateremke Kitonga, ile milima ya kona juu ya kona, upande mmoja jabali na upande wa pili hakuna kitu. Mimi sikuwa na wasiwasi. Nilijua baba ameishuka Kitonga kabla sijajua kusoma.

Tulikula, tukapewa sarafu, wazee wakaanza kucheza. Katikati ya vifijo ikaadhiniwa alasiri. Baba mdogo alisita. Alimtazama baba, akaitazama mashine.

"Tuiache kwanza," alisema kwa ile sauti yake ya mkwaruzo. "Nikirudi tutaendelea."

"Nenda kasali, Shehe," baba akamjibu. "Mungu hangojeshwi."

Baba mdogo akaondoka akigeuka nyuma mara mbili. Baba naye angekaa chini, mambo yangeishia hapo. Lakini vijana wakamshangilia, bingwa, bingwa, mmoja akamtilia sarafu yake, na baba yangu alikuwa na kiburi chake. Akashika vitufe.

Mwanzoni nilidhani anatania. Aliinamisha kichwa, sikio likaielekea spika, macho yakaangalia ubavu wa sanduku. Alipiga viwili vitatu kwa bahati. Kisha akajificha chini ya kibanda chake mwenyewe akawa anakipiga kwa chini, risasi baada ya risasi, anakitoboa. Chombo cha mluzi kilipita kushoto. Yeye akainua uso kulia. Watu wakaanza kucheka.

Ndipo waya ukalegea. Sauti ikakatika, kimya kabisa.

Baba akaondoa mikono kwenye vitufe. Akageuka kututazama, anatabasamu kama bwana harusi, akauliza, "Nimewamaliza?"

Nyuma ya kichwa chake vidudu vilikuwa bado safu nne, vinatembea, vinageuka, vinashuka.

Hoteli nzima iliangua kicheko. Walisema mzee ana vituko. Mimi sikucheka. Nilikwenda nikamshika mkono, nikamwambia baba twende uani nina neno, na nilipokuwa namwongoza kati ya viti nilihisi jinsi anavyonifuata, hatua kwa hatua, bila kuuliza tunapita wapi. Nilimkalisha kwenye benchi karibu na mapipa ya maji.

"Baba, nimevaa nguo ya rangi gani?"

"Mwanangu, tangu lini mzazi anaulizwa habari za nguo?"

"Nakuuliza, baba."

Alipapasa ukingo wa nguo yangu. Halafu akasema, kwa upole, "Ya bluu."

Nilikuwa nimevaa kitenge cha manjano, kipya, cha kung'aa hata ukikiona kutoka ng'ambo ya soko.

Nilikasirika. Sijawahi kumkasirikia baba yangu namna ile, kabla wala baadaye. Nilimwambia hateremki Kitonga, hata akinilaani. Nilimwambia juu ya lori lake hupanda akina mama na watoto migongoni. Nilimuuliza alitaka mama apelekewe habari na nani, maana mimi nisingeweza. Baada ya hapo nililia tu.

Nilitegemea anigombeze. Badala yake aliingiza mkono mfukoni mwa koti, akatoa ufunguo wa lori, akautafuta mkono wangu na kuniwekea kiganjani.

"Ndaga," alisema, neno la kwetu la kushukuru. "Ndaga, mwanangu. Ni ukungu. Ulianza jicho moja, ukaenda la pili. Kila nikifika salama nazima gari, nakaa kwanza humohumo. Nilisema safari moja tu, nilipe hiki. Safari moja tu, nimalize kile. Nimechoka."

"Mama anajua?"

"Mama yako anadhani nimekuwa mpole."

Tukacheka wote wawili, mimi na kamasi zangu. Baba akaegemea ukuta, akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, hadi cha mwisho. Sikuwahi kumwona hivyo mchana. Nilikaa kando yake, bega lake likanilemea na nikaliacha linilemee.

Hivyo ndivyo baba mdogo alivyotukuta aliporudi msikitini. Aliuona ufunguo mkononi mwangu, akasimama palepale.

"Amejua, Shehe," baba akasema.

Yule mzee alikaa chini kwenye mchanga, na kanzu yake nyeupe. "Alhamdulillahi," akasema, akarudia, akarudia. Kisha akanigeukia. "Alinilisha yamini, mwanangu. Niliapa sitamwambia mtu. Sasa ningefanyaje? Nikamwacha aende peke yake? Nimeiita barabara nzima, mwaka mzima. Kona, ng'ombe, mtu wa baiskeli, kila kitu nakiita. Koo limekwisha. Kila siku naomba mtu ambaye hakuapishwa ayaone haya mwenyewe."

Na mimi nilikuwa namchemshia tangawizi.

Kumwambia tajiri ilikuwa kazi nyingine. Alisikiliza ameshika kopo la sarafu, uso unambadilika. "Mwezi jana," akasema taratibu, "gari langu limekwenda mpaka Makongolosi, huko mbele ya Chunya. Limekwenda na nani?"

"Na sisi wawili," akajibu baba mdogo. "Yeye miguu na mikono, mimi macho."

Tajiri alijipiga kichwani, akazunguka hoteli, akatamka mambo ambayo siwezi kuyaandika. Alipotulia akaagiza chai kwa watu wote, akasema huu mzigo ataushusha dereva mwingine, na baba aende akatazamwe macho hospitali ya misheni. Alisema hivyo kwa ukali, kana kwamba anatoa adhabu, lakini chai ya baba aliitia sukari na kuikoroga yeye mwenyewe.

Ulikuwa mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alitaka kujua amekuwa akifanya kazi gani, na baba akasema mkulima. Walimpasua jicho moja, wakangoja, wakampasua la pili, kisha wakampa miwani yenye vioo vinene vilivyomfanya aonekane ameshangaa wakati wote. Hakurudi kwenye usukani. Tajiri alimweka Uyole kusimamia ghala la viazi, na mama akalalamika kwamba ule upole wake umeisha, sasa anaona vumbi hata juu ya kabati. Alilalamika kwa furaha. Na mimi usiku nilikuwa nalala, na sikuwa nimejua kwamba kuna usingizi mzito kiasi kile.

Miezi kadhaa baadaye baba alikuja Iringa, abiria safari hii, kiti cha mbele, akinieleza kila mti aliouona njiani kana kwamba mimi ndiye nilikuwa kipofu. Tulikwenda hotelini. Mashine ilikuwa bado inaimba. Baba alisogeza miwani, akakikaribia kioo, akakitazama muda mrefu.

"Kumbe ndio hivi?" akasema. "Siku zote nilidhani ni kunguru."

Tajiri akampa sarafu bila kumdai mlo. Watu wakajongea. Baba mdogo, aliyesafiri naye, kwa mazoea akachukua nafasi yake nyuma ya bega, akakohoa, na muziki ulipoanza akafungua kinywa. Sauti yake ilikuwa imerudi, safi, nene, sauti ya muadhini.

"Kushoto! Kushoto kid—"

"Nyamaza, Shehe," baba akasema, na hakugeuka. "Naona."

Baba mdogo akafumba kinywa. Alirudi nyuma akatafuta kiti, akakaa, akaagiza chai. Baba alishindwa upesi, vibaya kuliko siku zote, akadai sarafu nyingine.