Matembezi ya Jerikeni Tupu

Mama alirudi kutoka Nairobi bila titi la kushoto, saratani ilikuwa imeliharibu, na hilo alilikubali. Kilichomtia uchungu ni swala. Baada ya miezi ya kutiwa dawa za dripu, alianza kupotea katikati ya rakaa: akisujudu, hajui hii ni ya pili au ya tatu. Ikabidi anikalishe nyuma ya mkeka nimhesabie. Mtu aliyenifundisha kusali mwenyewe! Niliona hasira, sijui kwa nani.

Kwenye kliniki alimwambia muuguzi kwa Kiswahili chake cha Kisomali, kisichojua "p", "Titi nimewabatia. Na hii akili, nani amechukua?"

Muuguzi hakucheka. Alisema dawa zile huchosha hata ubongo. Atembee kwa kasi kila asubuhi mpaka atoke jasho, huenda akili ikarudi. Neno "huenda" nililisikia mimi. Mama hakulisikia.

Sasa, Garissa ya miaka ile ya tisini, mama mtu mzima anatembea mbio bila mzigo wala safari? Siku ya kwanza tu majirani walitusimamisha kuuliza nani amefariki. Mmoja akaniuliza pembeni kama mama ameingiwa na jini. Nilitaka kumjibu vibaya, mama akanifinya mkono. Kesho yake alitoka na jerikeni tupu. Mwanamke mwenye jerikeni haulizwi kitu, tena tulicheka sana njiani kwa werevu wake.

Tukawa tunakwenda hivyo kabla jua halijawa kali, kuelekea daraja la Tana, yeye mbele, mimi nyuma nahema. Tukifika kwenye kizuizi cha polisi tunageuka. Mtoni hatukushuka, mkono wake wa kushoto usingeinua jerikeni iliyojaa, na nyumbani tuliletewa maji kwa mkokoteni wa punda. Mwili ukapata nguvu kweli. Mashavu yakarudi. Shangazi zangu wakasema alhamdulillahi, amekuwa msichana. Lakini wao hawakuwa wanakaa nyuma ya mkeka. Rakaa zilizidi kumpotea, na mimi nilizidi kuchoka kutumaini.

Asubuhi moja ya kiangazi tuliporudi, alichuchumaa uani ili atawadhe, asali dhuha. Akainamisha jerikeni juu ya birika. Halikutoka hata tone. Akaitikisa, akachungulia ndani kwa muda mrefu.

"Hooyo," akaniita. Mama zetu ndivyo wanavyotuita, kwa neno lilelile tunalowaita wao. "Maji yote tuliyoteka umeyamwaga wapi?"

Nilimtazama jasho likimtiririka usoni. Alikuwa amechuchumaa pale akisubiri jibu, mzima wa afya.

"Nilijikwaa njiani, hooyo," nikasema. "Nisamehe."

Alinisamehe papo hapo. Akanifuta vumbi lisilokuwepo magotini, akasema nisilie, kesho tutarudi mtoni tuteke mengine.