Mwanafunzi Aliyezima Gari

Mwalimu alisimama kwenye gereji, mguu wa kulia ukikanyaga breki isiyokuwepo. Ndiyo mazoea ya mtu aliyefundisha udereva maisha yake yote, akiwa kwenye kiti cha pembeni chenye pedali zake mwenyewe: moyo ukienda mbio, mguu nao haukai. Na leo moyo ulikuwa unaenda mbio kwelikweli, maana Fundi alikuwa ameinamia injini ya gari lake akitikisa kichwa.

Injini yenyewe ilikuwa imekula kilometa zaidi ya laki nne, nyingi zikiwa za gia ya kwanza. Nusu ya madereva wa mji, Fundi mwenyewe akiwamo, walijifunzia humo na kuitesa watakavyo. Jana ilipiga kelele kama masufuria yanayoporomoka, ikazima. Binti wa Mwalimu hakupoteza muda: aliamua mnunuzi wa chuma chakavu aje leo mchana, na mama yake apumzike nyumbani. Mwalimu kusikia neno "apumzike" alitamani kuuma mtu.

"Cheni ya ndani, ile inayoendesha valvu, imelegea, ikaruka meno," Fundi alisema akifuta mikono. "Cheni tutabadilisha. Ninachoogopa ni valvu. Cheni ikiruka, pistoni huzigonga zikapinda. Na zikipinda kwenye injini iliyochoka hivi, Mwalimu, mimi mwenyewe nitakwambia uizike."

"Pima kwanza, msiba baadaye."

Juu ya tairi kuukuu mume wa Mwalimu alikuwa amejikunyata. Ni yeye aliyeshika usukani jana. Alianza kujifunza alipostaafu, na mpaka leo alikuwa hajaliondoa gari hata mara moja bila kwanza kulizima.

Fundi akairudisha cheni kwenye alama zake, akachomoa plagi, akafunga geji ya kupimia mgandamizo kwenye silinda ya kwanza. Mwalimu akaingia ndani, akapiga stata. Valvu zikipinda mshale haupandi; huu ukapanda, ukasimama pazuri. Ya pili vilevile. Ya tatu ilipokubali, Mwalimu alianza kucheka peke yake humo garini. Ya nne ikajivutavuta kama mzee anayeinuka kitini, kisha ikawafikia wenzake.

"Valvu nzima! Inatengenezeka!" Fundi akapaza sauti.

Mwalimu aliruka nje, akacheza katikati ya makopo ya oili, akamkumbatia Fundi na grisi zake zote.

"Ila nashangaa," Fundi alisema. "Ingekuwa kasi ya barabarani, zingepinda zote. Nani alikuwa anaendesha?"

Mume akanyoosha kidole kama yuko darasani. "Mimi. Nilikuwa ndiyo kwanza naondoka, ikazima."

"Papo hapo?"

"Kwangu huzima papo hapo."

Fundi alicheka mpaka akashikilia boneti. "Basi mzee umeiokoa! Cheni imeruka wakati injini inazima, haina kasi tena. Dereva mzuri angeshaiua."

Mwalimu akamgeukia mumewe. "Baba, miezi yote hii nakupigia kelele uachie klachi taratibu. Kwani hujui?"

"Najua."

"Sasa?"

"Wanafunzi wako wakishajua, unawashusha," alisema, macho kwenye viatu vyake. "Mimi mchana kutwa nikae wapi?"

Mwalimu alicheka hadi machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko. Akampigia binti yake simu: mtu wa chuma chakavu asije. Kisha akaketi kwenye tairi lilelile, ubavuni mwa mumewe.

"Cheni mpya ikifungwa tu, darasani," alimwambia. "Na uzime kama kawaida yako."